Makande Imefika Idodi

Mtani wangu Lusiano,

Makande imefika Idodi.

Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungeuliza hilo kabla ya kuuliza watoto wanaendeleaje, kabla hata ya kuitikia salamu. Imefika kwa magurudumu yake, haikuvutwa kwa kamba, na aliyekuwa juu yake ni mimi, yuleyule aliyekuambia miaka yote kwamba ile si pikipiki, ni mkutano wa vyuma.

Nakuandikia nikiwa nyumbani Mafinga. Ukungu haujaondoka, mashine ya kupasulia mbao ya jirani haijaanza kelele zake, na chai yangu imepoa bila kuguswa. Kazi yangu ya miaka thelathini ilikuwa kuandika hali za watu: amefika vipi, tumempa nini, ameondoka vipi. Mtu aliyekwisha kuondoka sijawahi kumwandikia. Nikikosea mpangilio nivumilie, kama nilivyokuvumilia wewe.

Nianzie siku tuliyokuzika, maana hukuiona.

Sheria ya utani wetu unaijua. Babu zako Wahehe na babu zangu Wangoni walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia sisi kazi ya kutukanana kwa adabu. Na mtani msibani ana ruhusa zake. Anaweza kuzuia jeneza, kumsema marehemu, hata kushika mali yake na kuondoka nayo. Ndugu wakiitaka wataikomboa kwa jogoo, na mwisho wao ni arobaini. Wakinyamaza, imekwenda. Basi walipotaka kukutoa ndani, pale kwako Mbeya, nyuma ya soko la Mwanjelwa, mimi nilijilaza mlangoni. Na goti langu hili bovu. Nikasema huyu Mhehe hatoki, amenidanganya miaka ishirini kwamba ana pikipiki, leo naitaka niikague mwenyewe. Watu walicheka machozi yakiwatoka. Fundi mwenzako mmoja akasema, "Nesi, hiyo ukiichukua utaisukuma wewe." Nikaunyakua ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, nikauvaa shingoni.

Nilikuwa namsubiri jogoo, mtani, nakuambia ukweli. Nilijua mkeo, Wifi Atu, atamtuma mtu na kuku mkononi, tutacheka tena kidogo, nitarudisha ufunguo, kisha nitakwenda kulia mahali peke yangu. Badala yake alitoka mwenyewe chumbani na kanga kichwani, akanitazama pale chini, akasema polepole, "Mwacheni aende nayo. Marehemu mwenyewe alisema Nesi ataichukua." Nikadhani ni majonzi yanasema.

Ndivyo nilivyojikuta na Makande.

Unakumbuka tulivyoanza kubishana? Nilikuja gerejini kwako na Sista wangu, pikipiki niliyopelekea chanjo vijijini mpaka nikastaafu nayo. Taa yake ya duara ni ileile aliyotoka nayo kiwandani. Tenki ni lilelile, kiti kilekile, na nati yoyote isiyo ya kwake nilikuwa naiona kama jipu. Kitabu cha kiwandani nilikiweka kando ya Biblia, na sina hakika kila siku nilikuwa naamini kipi zaidi. Wewe ulikuwa na hiyo Makande yako: injini ya Mjapani mmoja, tenki la Mjapani mwingine, taa ya Mwingereza aliyekuwa anaozea kwenye banda la misheni, na ekzosi uliyoikunja mwenyewe. Uliipa jina hilo kwa sababu, ulisema, mahindi na maharage hayakuota shina moja lakini yakiiva sufuria ni moja. Nikakujibu kwamba makande ya namna hiyo yanaumiza tumbo.

"Nesi," ukaniambia, "pikipiki haiaminiki kwa sababu ya kitabu. Inaaminika kwa sababu ya mtu aliyeifungua mara ya mwisho."

Nilikuona una kiburi. Lakini kitambaa chako kilinisumbua. Kila ulipomaliza kazi ulitandika kitambaa cheupe chini ya injini, ukailaza hivyo, na asubuhi ulikisoma kabla ya kunywa chai. Tone moja tu la oili na ulifungua upya, hata kama mwenye pikipiki amesimama mlangoni na kofia kichwani. Mimi nimewaona madaktari wanaoruhusu wagonjwa bila kuangalia shuka.

Halafu miaka miwili hii ya mwisho ukaanza mambo ambayo hata mafundi wenzako hawakuyaelewa. Ukapunguza kiti cha Makande, ukachonga sponji na kushusha chuma cha chini, mpaka wewe, mtu mrefu uliyekuwa unainama kila mlango, ukawa unaendesha magoti yakigusa masikio. Nilikuita panzi. Nilikuita panzi mbele ya watu, Krismasi ile mliyokuja kwangu, na ukacheka kuliko wote. Ukavuta usukani nyuma. Ukafunga vioo viwili vikubwa vya pembeni, wewe uliyesema kioo ni cha mtu anayedaiwa. Ukachomelea keria nyuma, pana, yenye matundu manne. Nikauliza ni ya kubebea nini, kitanda? Ukasema, "Utajua siku yake."

Na ulikuwa umekonda. Mimi, nesi, nilikuona umekonda nikasema ni uzee. Hili sitalizungusha: niliangalia pikipiki, sikukuangalia wewe.

Sasa mama yako. Hakuweza kuja Mbeya, miguu haikubali na macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Kwa hiyo arobaini tukapanga iwe kwake Idodi. Akanipigia kwa simu ya jirani, sauti yake kavu kabisa: "Nesi, uje nayo hiyo pikipiki. Nataka niisikie. Na jogoo nimeshamfunga."

Nilifurahi. Nilisema, hapo sasa. Nitaipeleka, mzee ataisikia, jogoo nitapewa, nitapanda basi kurudi nyumbani kwa Sista wangu na mambo yatakuwa yamekwisha. Sikuitaka Makande. Kila nilipoutazama ule ufunguo niliona kitu cha kuniliza.

Wala sikuiamini. Kutoka Mbeya niliipakia kwenye Fuso lililokuwa linakuja Mafinga kuchukua mbao. Nilijiambia kutoka Mafinga hadi Idodi nitajitahidi kuiendesha, kwa ajili ya mama, na ikifa njiani nitakuwa nimeshinda ubishi. Ndivyo nilivyofikiri, mtani. Wewe uko kaburini na mimi bado nataka kushinda ubishi.

Usiku wa kuamkia safari nilitandika shuka langu jeupe chini ya injini, lile la hospitali. Asubuhi nikaliinua, nikalipeleka dirishani kwenye mwanga, nikaligeuza pande zote mbili. Hakuna kitu. Chini ya Sista, aliyelala pembeni yake, kulikuwa na matone mawili.

Nikapanda. Miguu yangu ikagusa chini.

Wewe hujui maana yake, uliyezaliwa na miguu ya korongo. Maisha yangu yote ya pikipiki nimesimama kwa ncha ya kidole, nikiomba ardhi isiwe na shimo. Safari hii nyayo zote mbili zilikaa chini, visigino na vidole, kama nimekaa kwenye stuli ya jikoni. Nikajiambia ni kwa sababu ulikuwa unaumwa, ulishusha kiti ili usichoke. Nikakanyaga kiki. Sista huwa anahitaji mateke saba na goti langu hulia kwa kila moja. Wewe ulikuwa umerefusha mkono wa kiki na kuweka kile kijiti cha kuiachia injini pumzi, na teke likashuka taratibu kama mtu anavyokanyaga ngazi. La pili likawasha. Goti halikusema neno.

Vioo nikavitazama nikiwa kwenye msitu wa Sao Hill, misonobari pande zote mbili na lori la magogo nyuma yangu. Nililiona lote bila kugeuka. Shingo yangu haigeuki upande wa kulia tangu ile ajali ya barabara ya Sadani, na aliyenikanda siku zile ni Wifi Atu, wewe ukiwa umekaa pale unanikejeli. Nikaanza kuwa na wasiwasi. Nilisimama Iringa kuweka mafuta na kufunga vizuri boksi langu la baridi, lile la chanjo, ambalo siku hizi nabebea chakula. Asubuhi nilikuwa nimelifunga kwa mpira tu. Nikaona miguu yake minne ya chuma imekaa juu ya keria yako. Nikalisogeza kidogo. Ikaingia kwenye matundu yote manne, tak, kama mtoto anavyorudi mgongoni kwa mama yake.

Nilisimama pale kituoni na kifuniko cha tenki mkononi. Kijana wa mafuta akauliza, "Mama, upo sawa?" Nikafunga tenki, nikamlipa.

Lakini bado nilibisha. Mngoni hakubali hivi hivi. Nikasema boksi za chanjo ziko nyingi, pengine ulimtengenezea mtu mwingine.

Baada ya Kalenga barabara inaanza kushuka, na ukishuka joto linapanda. Unaijua hiyo njia kuliko mimi. Makande ilikuwa imekuja tangu Mafinga ikiimba sauti moja, nzito na tulivu, sauti ambayo nilikuwa nimeanza kuionea aibu kwa yote niliyoisema. Tulipokuwa tumeshuka sana, kwenye vichaka vile vikavu, sauti ikabadilika. Ikaanza kugonga, kama kokoto kwenye kopo. Nikaongeza mafuta, haikuitika. Joto la injini likanichoma muundi wa mguu kupitia suruali.

Nikazima, nikakaa chini kwenye vumbi. Nilichokuwa nakisubiri miaka ishirini kilikuwa kimefika, Makande imegoma, na sikutaka. Nilisema kwa sauti, hapo porini, "Usinifanyie hivi, mama anasubiri."

Nikatoa plagi. Ukitaka kujua hali ya injini unaangalia plagi, kama sisi tunavyoangalia ulimi. Ikiwa nyeusi, inashiba petroli kupita kiasi. Ikiwa rangi ya ganda la karanga, mzima. Hii ilikuwa nyeupe kama mfupa. Ilikuwa na njaa, inaungua kwa kukosa. Nikakumbuka maneno yako ambayo nilikuwa nayacheka: injini inavuta hewa kama mtu, na hewa ya mlimani ni nyepesi, inataka petroli kidogo, hewa ya bondeni ni nzito, inataka zaidi. Ndiyo maana ulikuwa na jeti mbili za kabureta, vile vipande vya shaba vyenye tundu dogo la kupitishia petroli, na kila ukienda kwa mama yako ulisimama njiani kubadilisha. Mimi nilisema pikipiki isiyojua inakunywa kiasi gani ni ya mlevi.

Nikafungua chini ya kiti. Palikuwa na kopo la malhamu, limefungwa kwa mpira wa tairi ya ndani. Ndani yake palikuwa na bisibisi fupi inayonitosha mkononi, jeti moja imeviringishwa kwenye pamba, na karatasi. Mwandiko wako mbaya, herufi kubwa zinazopanda mlima:

BONDENI. NESI USIBISHE.

Basi nikalia. Nililia kwa sauti, mtani, mtu mzima na kofia ya pikipiki kichwani. Kiti, kiki, usukani, vioo, keria. Miaka miwili ulikuwa unajua unakwenda, ukakaa na magoti masikioni, ukiitwa panzi, kwa sababu ulijua nitajilaza mlangoni na kudai ufunguo. Ulijua hata kwamba mama yako ataniita. Ulikuwa huniachii pikipiki yako. Ulikuwa unanitengenezea yangu, na ukaijaribu wewe mwenyewe kwa mwili wako mrefu unaoumwa, uone kama inaaminika.

Nimeona wanawake wakijifungua kwenye mwanga wa simu. Nimeona watoto waliokwisha kufunikwa wakipiga chafya. Nilidhani kushangaa kumeniishia, lakini karatasi ile niliisoma mara tatu kabla ya kushika bisibisi.

Nilitandika kanga barabarani nisipoteze kitu, nikasubiri injini ipoe, nikafungua kikombe cha kabureta, nikatoa jeti ya mlimani na kuweka ya bondeni. Teke la pili ikawaka. Na ile sauti ikarudi, palepale ilipokuwa imeishia, nzito na tulivu, kana kwamba mlima na bonde kwake ni vyumba viwili vya nyumba moja.

Hapohapo nikaelewa na jambo la Sista. Moshi wake mweusi wa kila asubuhi Mafinga, plagi ninayoiosha kila wiki kama kidonda, mateke saba. Nimelaumu petroli, nimelaumu baridi, nimelaumu mashine. Kitabu kiliandikwa na mtu aliyekaa karibu na bahari. Mimi nimeishi mlimani maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba mlima nao una neno lake.

Kutoka pale hadi Idodi niliendesha kwa hofu moja tu, nayo haikuwa ya kuharibikiwa. Nilikuwa namwogopa jogoo.

Kwa sababu mila ni mila. Niliianza mwenyewe kwa mdomo wangu, mlangoni kwako, mbele ya watu. Mama yako akinikabidhi jogoo, nitavua ufunguo shingoni na kuurudisha, na siwezi kusema lolote. Asubuhi nilikuwa nakwenda kumpokea kwa furaha. Jioni nilikuwa naomba afe.

Walikuwa wamekaa nje, turubai limefungwa, sufuria ziko motoni. Wifi Atu na watoto walikuwa wametangulia kwa basi. Mama yako alikuwa kwenye kiti cha kamba, na kabla sijazima alishanyanyua mkono kuwanyamazisha watu. Nikaiacha ingurume. Alisikiliza kichwa kimeinama, muda mrefu, mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akasema, "Amebadilisha pale chini ya Kalenga. Vizuri." Nikazima.

"Kamwene, Nesi."

"Kamwene, mama."

Jogoo alikuwa amefungwa mguu wa kiti chake. Mwekundu, mnene, mzuri kabisa. Sikuweza kumtazama.

Aliomba aongozwe. Akaweka kiganja kwenye tenki, akakipitisha polepole kuelekea nyuma, akafika kwenye kiti, akasimama. Akakibonyeza. Akapima kwa shubiri kutoka kiti hadi sehemu ya kukanyagia, mara moja, na mara ya pili. Akasema, "Kaa juu." Nikakaa. Akainama, mzee wa watu, mkono mmoja kwenye bega langu, akashuka na mwingine mguuni mwangu mpaka kwenye kisigino, akajaribu kupitisha vidole kati ya kisigino na ardhi. Havikupita.

"Lusiano alikupima lini?" akaniuliza.

Nikavitazama viatu vyangu. Halafu nikakumbuka. Krismasi moja kabla ya ile ya panzi, ulinipandisha juu ya Makande nipigwe picha. Miguu yangu ilining'inia, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini, ukakaa pale muda mrefu mbele ya viatu vyangu, na picha yenyewe hukuipiga. Nilidhani ni kicheko tu kimekuzidi.

Mama yako alirudi kwenye kiti chake, akatafuta kamba kwa mkono, akaifungua. Nikajua ndiyo hivyo, nikashika ufunguo shingoni nianze kuuvua. Akamshika jogoo mabawa, akanyoosha mkono upande wa Wifi Atu.

"Huyu mchinjeni," akasema. "Mgeni amekuja kwa pikipiki yake, atalala na njaa?"

Tukamla, mtani. Mimi nilipewa firigisi.

Sasa hali baada ya hapo. Wanao ni wazima. Wifi Atu analala vizuri zaidi, nimemkagua. Mama yako amekubali nimpeleke kwa daktari wa macho. Alikuwa anakataa, nikamwambia asibishe. Sista nimemfungua kabureta jana, nimeagiza jeti ndogo Iringa, na kitabu nimekirudisha kabatini. Kwako Mbeya nitapita mwezi ujao, nikiwa juu ya Makande tangu huku, siyo kwenye Fuso, nikuonyeshe.

Nakuahidi hivi. Nikishuka nitabadilisha, nikipanda nitabadilisha. Kila jioni ya safari nitatandika shuka, na kila asubuhi nitalisoma kabla ya chai. Mama yako ataisikia mara kwa mara kadiri Mungu atakavyotujalia, yeye na mimi. Ile rangi ya tenki ni mbaya, hilo nalisema mpaka kesho, na nitaipaka upya. Ekzosi nitaipunguza kelele.

Lala, Lusiano. Kiti sitakigusa.

Mtani wako,
Nesi